Mfupa Haudanganyiki

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba nikusimulie habari ya spana. Si spana ya mafumbo, ni spana yenyewe ya gereji, namba 10, iliyokaa siku arobaini juu ya stuli ya chumbani kwetu Tandika, pembeni ya losheni yangu na saa ya mezani. Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku ilichukuliwa, nati nne zikazungushwa robo mzunguko, ikarudishwa mahali pake. Nati zenyewe hazikuwa za gari. Zilikuwa kwenye mguu wa mume wangu.

Katika kazi hii nimehariri makala nyingi za mapenzi. Mfanyie hivi atulie, dalili saba kuwa mwenzio anakuficha jambo, na kadhalika. Lakini hakuna hata moja iliyonifundisha kama yale maisha ya spana. Maana jambo lililofichwa ndani ya nyumba yangu lilikuwa karibu na pua yangu kabisa, na sikulinusa.

ABIRIA WA NYUMA

Ilikuwa mwaka 2022. Mume wangu alipanda bodaboda pale Mbagala Rangi Tatu anaenda Charambe kwa dada yake, safari fupi tu. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipozitambua rasmi pikipiki kubeba abiria, nani kati yetu hajapanda? Lori la mchanga likawabana. Dereva akaruka, akachubuka kiwiko. Abiria wa nyuma akabaki chini ya pikipiki. Muundi wa mguu wa kushoto ukavunjika, ukatoboa ngozi na kutokeza nje.

Sitakuchosha na ya wodini. Kidonda kiliingia wadudu, vipande vya mfupa vilivyokufa vikaondolewa, na mguu ulipokuja kuunga baada ya mwaka na ushee, ulikuwa umepungua sentimita nne. Ukizipima kwenye rula, sentimita nne ni kidogo. Kwa mwanaume aliyezoea kufungua muziki kwenye kila harusi ya ukoo, ni nyingi mno. Akawa hataki sherehe. Akawa hataki tuongozane barabarani, ananitanguliza, "Wewe nenda tu mke wangu, nakuja." Usiku akawa analala kageukia ukutani. Nilijua hajanichoka mimi. Alikuwa amejichoka yeye.

Basi mwaka 2024 daktari bingwa wa mifupa katika hospitali moja kubwa hapa mjini akatuambia kwamba mguu unaweza kurefushwa. Nilidhani anatutania.

ROBO, ROBO, ROBO, ROBO

Jinsi inavyofanyika ni hivi. Mfupa unakatwa kwa uangalifu karibu na goti, halafu mguu unazungushiwa pete za chuma zilizoshikwa na waya nyembamba zinazopita ndani ya mfupa. Unasubiri kama wiki moja. Baada ya hapo unaanza kuzungusha nati, na kila robo mzunguko inaachanisha vipande viwili vya mfupa kwa robo milimita. Mara nne kwa siku ni milimita moja. Ukienda haraka zaidi, mfupa unashindwa kujaza pengo, na mishipa ya fahamu inalalamika. Ukienda taratibu mno, mfupa unafunga kabla ya wakati na kazi yote inakuwa bure.

Aliyeigundua njia hii ni Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia, miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba mgonjwa wake mmoja alikosea akazungusha nati kinyume, badala ya kubana akaachanisha, na daktari alipotazama picha akakuta mfupa mpya umeota pale kwenye nafasi. Aliyemtangaza zaidi ni Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa mchezo wa kuruka juu mwaka 1964. Mwaka 1965 Brumel alipakiwa kwenye pikipiki, ikapata ajali na mguu wake ukaharibika vibaya. Alipasuliwa mara nyingi bila kupona, mpaka alipofika kwa Ilizarov mwaka 1968. Nilipomsomea mume wangu habari hiyo alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Kumbe hata Warusi bodaboda zinawamaliza!"

Kitu kilichonishangaza ni kwamba mfupa mpya hauwekwi na daktari. Unaota wenyewe. Zile seli za pale kwenye pengo zikivutwa polepole, mwili unatoa protini maalumu ambazo wataalamu wanaziita vichocheo vya ukuaji. Kimoja kinaita mishipa mipya ya damu, kingine kinaziambia seli changa ziwe seli za mfupa. Mimi niliwafikiria kama mabalozi wa nyumba kumi wanaopita wakigonga milango, kuwatoa watu waende kwenye msaragambo. Nati inavuta, mabalozi wanapita, watu wanatoka, ujenzi unaanza.

Masharti yetu yalikuwa manne. Kusafisha matundu ya waya kila siku, kuzungusha nati bila kuruka hata mara moja, kuukanyagia mguu kwa msaada wa magongo, na kuacha sigara. Hili la nne daktari alilirudia mara mbili. Moshi unabana mishipa midogo ya damu, alisema, na pasipo damu hakuna mfupa. Mume wangu akaapa mbele yangu. Paketi iliyokuwa mfukoni akaitupa kwenye ndoo ya taka palepale kliniki. Jamani, nilimwona shujaa.

Ile ya mchana alizungusha mwenyewe au mama mkwe alimsaidia, kwa kuwa mimi nilikuwa kazini. Ile ya saa 6 usiku ilikuwa yangu. Taa ya simu mdomoni, spana mkononi, mume kauma shuka. Nakuambia ukweli, hatukuwa tumekaribiana hivyo tangu fungate.

SINDANO YA MILIONI 28

Siku arobaini zikaisha, sentimita nne zikapatikana, spana ikapumzika. Vyuma vikabaki, kwa sababu kurefusha ni nusu tu ya kazi. Mfupa mpya huwa laini, na unapaswa kukomaa ndani ya vyuma. Hesabu ya kawaida ni mwezi mmoja au zaidi kwa kila sentimita. Tukasubiri. Mwezi wa tatu, mwezi wa nne. Mwezi wa tano tukapiga eksirei, na pale tulipotarajia kuona weupe wa mfupa tukaona ukungu. "Unachelewa," daktari akasema, akamtazama mume wangu kwa muda. Mume wangu akatazama sakafu. Mimi nikatazama picha.

Wiki hiyohiyo wifi yangu akanitumia ujumbe. Kuna wakala anayepeleka wagonjwa nje ya nchi, na huko kuna sindano ya kukuza mfupa, wiki sita mtu anatembea. Gharama na tiketi, shilingi milioni 28. "Wifi, kaka yangu anaisha. Fanya jambo."

Kwa kuwa ni mhariri, nikaamua kusoma kwanza. Nilisoma usiku, wenzangu wamelala. Na nikagundua kwamba habari yenyewe si uzushi. Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichukua mfupa uliotolewa madini akaupandikiza ndani ya misuli ya wanyama, na mle ndani ya nyama kukaota mfupa mpya! Akahitimisha kwamba ndani ya mfupa kuna protini inayoita mfupa, na baadaye ikapewa jina la BMP. Mwaka 1988 watafiti walipata vinasaba vyake, ndipo ikawezekana kuitengeneza maabara. Mwaka 2002 ikatoka ripoti ya wagonjwa 450 wenye miundi iliyovunjika na kutoboa ngozi, na jina la kwanza juu ya ripoti ile lilikuwa la mwenzetu wa bara hili, daktari Govender wa Durban, Afrika Kusini. Waliowekewa dozi kubwa ya BMP, hatari ya mfupa kugoma na kurudishwa tena kupasuliwa ilipungua kwa asilimia 44.

Asilimia 44! Muundi uliotoboa ngozi! Msomaji, hapo mimi nikaacha kusoma kama mhariri nikaanza kusoma kama mke. Yaani nilisoma nilichokitaka.

Benki hatukuwa na kitu cha kueleweka. Lakini tulikuwa na kiwanja Bunju, tulichonunua mwaka 2017 kwa pesa za kikoba changu na za viatu alivyokuwa akiuza Kariakoo. Msingi umeshainuka, mwembe mmoja umeshaota. Nikamtafuta dalali kimyakimya. Alhamisi moja nikapokea arbuni ya milioni tatu, nikaitia kwenye pochi, nikajiambia nitamfanyia mume wangu sapraizi. Naomba uliangalie vizuri neno hilo. Sapraizi ni jina zuri tunalolipa jambo tusilotaka kuulizwa.

NYUMA YA NYUMBA

Alhamisi hiyo nilirudi nyumbani saa 9 alasiri, mapema kuliko kawaida. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mchele, aliponiona akainuka ghafla mpaka ungo ukamwagika. "Karibu mwanangu, mbona mapema? Hebu kaa kwanza nikuletee maji." Nikajua kuna jambo. Nikapita moja kwa moja mpaka nyuma, karibu na tangi la maji. Mume wangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu wenye vyuma kaupandisha juu ya ndoo, sigara mkononi. Chini pana vichungi kama sita.

"Ni hii moja tu, mke wangu."

"Na hivi vingine ni vya nani?"

Kimya. Mama mkwe akaja nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba zilikuwa zinanunuliwa na yeye, dukani kwa jirani, mbilimbili. "Mwanangu, wewe unaondoka asubuhi. Mimi ndiye ninayemsikia akilia mchana. Nimemzaa mimi. Ningefanyaje?"

Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie. Miezi mitano nalala nusu usiku! Miezi mitano naosha matundu, nanusa spiriti na dawa mpaka pua ikafa, kumbe ndiyo maana sikunusa moshi! Nikafungua mdomo, na mkono wangu ukagusa pochi. Mle ndani kulikuwa na milioni tatu za kiwanja ambacho ni chetu wote wawili, na yeye hana habari. Kelele zikaniishia.

Nikakaa chini pale kwenye saruji, nikamwonyesha zile pesa. Akazitazama, akanitazama. Alikasirika kweli, na alikuwa na haki. Mimi nilikasirika, na nilikuwa na haki. Mama mkwe akatuacha, akaenda kuokota mchele. Tulizungumza mpaka adhana ya magharibi. Aliniambia kitu nilichokuwa sikijui: kwamba aliogopa kuniambia anashindwa kuacha kwa sababu kila nikizungusha nati nilikuwa namwangalia kama shujaa, na hakutaka kunipotezea shujaa wangu. Nami nikamwambia nilikuwa nauza kiwanja kwa sababu nilichoka kusubiri na sikuthubutu kusema nimechoka.

MBOLEA NA MAJI

Jumatatu tulikwenda kliniki wote wawili, tukaweka kila kitu mezani, sigara na sindano. Daktari hakutukaripia. "Dawa ipo, si uongo," alisema. Kisha akatueleza yale niliyoyaruka nilipokuwa nasoma.

Kwanza, BMP ile si sindano ya kuchomwa kliniki na kuondoka. Kwenye muundi, inalowekwa kwenye sifongo maalumu na kuwekwa juu ya mfupa ndani ya chumba cha upasuaji, mara moja. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha kwa muundi uliotoboa ngozi, lakini ni ule uliovunjika karibuni, ndani ya siku 14, na uliotiwa fimbo ya chuma kwa ndani. Mguu wa mume wangu ulikuwa na zaidi ya miaka miwili. Kuitumia kwenye kurefusha mfupa ni nje ya kibali hicho. Pili, mwaka 2011 ilitoka ripoti nyingine, ya wagonjwa 277 waliotiwa fimbo ya chuma baada ya mfupa kuchimbwa vizuri kwa ndani, na safari hii BMP haikuharakisha kupona. Maana yake ni kwamba ile tiba ya msingi ikifanyika sawasawa, nyongeza inaweza isionekane. Tatu, ina madhara yake. Mwaka 2008 mamlaka hiyohiyo ilitoa onyo kuhusu ilipotumika kwenye uti wa shingo, kwa kuwa kuna waliovimba koo wakashindwa kupumua vizuri. Na bei yake ni maelfu ya dola kabla hujalipa tiketi.

Nikamuuliza kuhusu ile ya kutumia damu ya mgonjwa mwenyewe, maana nayo nilikuwa nimeisoma. Unachukua damu, unaizungusha kwenye mashine mpaka chembe sahani zinakusanyika, halafu unazirudisha pale mfupa unapochelewa, kwa sababu chembe hizo zimebeba vichocheo vya ukuaji. Akasema ni kweli, tena huko Nagoya, Japani, madaktari walizichanganya na seli za uboho kwa vijana waliokuwa wakirefushwa miguu, na ripoti zao za mwaka 2004 na 2007 zilikuwa za kutia moyo. Lakini wagonjwa walikuwa wachache, na chembe sahani peke yake matokeo yake hayalingani, huku zimesaidia, kule hazikuonyesha tofauti.

"Na hapa kwetu?" nikauliza, maana tumezoea kudhani utafiti ni wa ng'ambo tu. Akatabasamu. Kati ya mwaka 2015 na 2017, alisema, wagonjwa zaidi ya 200 wenye miundi iliyotoboa ngozi walifuatiliwa hapahapa Dar, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile MOI, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Walilinganisha fimbo ya ndani na vyuma vya nje, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020.

Halafu akaweka kalamu chini. "Mama, hivi vichocheo mwili wa mumeo unavitengeneza bure kila siku. Nati zilivivuta, kukanyagia mguu kunaviamsha, damu inavisambaza. Yeye anafunga bomba la damu kwa sigara, wewe unauza kiwanja ununue mbolea. Shamba halina maji, mbolea ya nini?"

Akatupa miezi miwili. Sigara basi, na akipatwa na kiu aje aseme, asijifiche. Akanyagie mguu, aende na magongo mpaka sokoni Tandika na kurudi. Ale mayai, maharage, dagaa, maziwa. Baada ya hapo mfupa ukigoma tena, atachota uboho kwenye nyonga yake na kuuweka pale penye pengo, jambo linalojulikana na lisilohitaji pasipoti.

Haikuwa rahisi, nisikudanganye. Wiki ya kwanza aligombana hadi na kuku. Mama mkwe ndiye aliyesimamia, yule yule mnunuzi wa zamani. Sasa akimwona mwanawe anatetemeka anamletea karanga na kumtembeza hadi mtaa wa pili. Arbuni niliirudisha, dalali akanisema mpaka nikaona aibu. Wifi aliponuna nilimpigia mume wangu simu azungumze naye mwenyewe, dada na kaka, mimi nikakaa pembeni.

Miezi miwili ilipotimia, picha ilionyesha mistari myeupe imeanza kuvuka ule ukungu, upande mmoja hadi mwingine. Uboho haukuhitajika. Mwezi wa kumi tangu upasuaji, vyuma vikatolewa. Mguu haukulingana kabisa, umebaki nyuma kama nusu sentimita, na fundi viatu wa pale sokoni anaimaliza kwa kipande cha soli. Je, ni kuacha sigara kulikoponyesha, ni kutembea, au ni muda tu? Mguu ni mmoja, hatuwezi kuurudisha nyuma tukajaribu vingine. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyekuwa anamficha mwenzake tena.

Mpenzi msomaji, huenda hata wewe kuna mtu wako anaumwa, na kuna mtu kakutumia ujumbe wa dawa ya ajabu. Usimtukane, huenda dawa ni ya kweli. Ila kabla hujagusa kiwanja, muulize mambo matatu. Imepitishwa kwa tatizo gani hasa? Inawekwa wapi na lini? Nani atamwangalia mgonjwa baada ya pesa kulipwa? Kisha rudi nyumbani, ukae na huyo mtu wako, uulize na la nne ambalo wakala hawezi kukujibu: kuna kitu gani tunafichana hapa?

Kiwanja cha Bunju bado kipo, nyasi zimefika kiunoni. Ile spana nayo ipo. Jumamosi iliyopita mume wangu aliichukua kwenye droo, akakazia kitanda cha binti yetu kilichokuwa kinalia usiku, halafu akavaa kiatu chake chenye soli nene. Kulikuwa na harusi Mbagala. Safari hii tuliongozana.